Sauti Iliyo Ndani ya Nta

Kaka yangu alikuwa amekwisha kuwasha kiberiti nilipoingia. Mkono wa kushoto alishika silinda nyeusi, ndogo kama kikombe, mkono wa kulia njiti inayowaka, na usoni alikuwa na utulivu wa mtu anayeijua kazi yake. Nilipiga kelele iliyosikika hadi safu ya pili ya nyumba za Kapata, mtaa wetu. Ambaye hakuisikia ni mama yetu peke yake, aliyekuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwake akimenya vitunguu.

"Yaya! Zima ile moto!" Kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

Alizima, lakini kwa kuudhika. "Mi nilitaka kupima tu ka kipande kadogo. Kama ni nta, itayeyuka. Kama ni plastike, itanuka. We unalalamika kama mutu banamuibia."

"Na kama ni seluloidi, ile plastike ya zamani, itawaka yote mu mukono yako, na nyumba ya nkambo pamoja nayo."

Hakuniamini, na mimi sikutegemea aniamini. Kaka yangu ni mfanyabiashara wa mawe. Anayanunua kwa wachimbaji vijana kule Mutoshi, anayauza kwenye depo za wanunuzi wakubwa, na katika biashara ile mtu huishi kwa kujua jiwe limebeba nini kabla mwenzake hajajua. Mimi nafanya kazi katika maabara ya mgodi. Naletewa mawe katika mifuko, nayasaga, nayapima, nayayeyusha kwa asidi, kisha natamka kilichomo. Yeye husema kwamba mimi najua mawe yaliyokwisha kufa. Mimi husema kwamba yeye anajua mawe ya watu wenye njaa. Tumekula sahani moja tangu utotoni na hatujawahi kukubaliana juu ya kitu chochote kinachoweza kushikwa mkononi.

Hicho alichotaka kukichoma huenda kilikuwa sauti ya bibi yetu, nkambo, kama tunavyowaita babu na bibi.

Babu alikuwa mpishi wa padri mmoja huko Kasai. Padri alipoondoka kurudi kwao, alimwachia mashine yake ya kucheza sauti, sanduku la mbao lenye mkono wa kuzungusha na pembe kubwa juu yake. Nyumbani tunaiita fono. Babu alipochukuliwa kuja kufanya kazi ya mgodi alipanda nayo treni, akaingia nayo katika nyumba ya kampuni hapa Kapata, na haijatoka tena. Pamoja nayo zilikuja silinda mbili, kila moja ukubwa wa kikombe kisicho na kitako wala mkono. Moja padri aliinunua dukani: muziki wa kwao, tarumbeta za askari. Ya pili aliitengeneza mwenyewe, siku alipomsimamisha mke wa mpishi wake mbele ya pembe na kumwambia aimbe.

Mke huyo alikuwa msichana bado. Baadaye, alipomzaa mama yetu, alikufa. Hakuna picha yake hata moja. Mama alilelewa na shangazi yake, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, ambaye kila alipokasirika alimwambia: "Ulikula mutoto wa bantu," yaani alimuua mtoto wa watu kwa kuzaliwa. Mama alitusimulia hayo mara moja tu, tukiwa wakubwa, huku akikunja nguo.

Babu hakuruhusu silinda ile ichezwe. Padri alikuwa amemwambia kwamba sindano hula nta, kila ikipita inaondoka na kidogo. Basi babu akaihifadhi. Akaihifadhi vizuri mno, ndani ya sanduku la bati lenye vidonge vya kufukuzia nondo, hadi akafa bila kuisikia tena na bila kutuonyesha ipi ni ipi. Makopo ya karatasi ya silinda hizo, yaliyoandikwa majina, yalikuwa yamebaki nje ya sanduku yakaliwa na mchwa. Silinda zote mbili zilikuwa nyeusi nyeusi kwa nje, zote nyeupe nyeupe kwa ndani, na zote zilinuka vidonge vya nondo.

Na sasa mama alikuwa akipoteza masikio. Daktari wa mjini alitueleza kwamba la kushoto limekwisha kufungwa na la kulia limeanza safari hiyohiyo. Alisema linafunga kuanzia juu. Alisema na mengine ambayo sikuyashika, maana nilikuwa namtazama mama akimtazama daktari mdomoni. Niliyoyajua ni ya nyumbani. Malori ya mgodi yakipita barabarani aliyasikia, birika likipiga mluzi hakulisikia. Kaka yangu akimwita anaitika, mimi nikimwita anaendelea na shughuli zake. Nilidhani anampendelea mtoto wake wa kiume, ambaye amebeba jina la babu na ambaye mama humwita "tata" kama baba yake mzazi. Niseme ukweli, iliniuma.

Tulipotoka kwa daktari siku ile, mama alisimama nje ya geti akasema, "Mbele ya sikio kufunga, mi nataka kumusikia mama yangu. Mara moja tu." Mama si mtu wa kuomba vitu. Hata dawa hununua mwenyewe kimya kimya. Kaka yangu na mimi tulitazamana, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tukakubaliana jambo.

Kukubaliana kulikwisha hapohapo kazi ilipoanza.

Nilianza na pembe, kwa kuwa pembe haina hatari. Katika familia yetu ilijulikana kwamba pembe ya fono ni shaba tupu, mukuba, kama watu wanavyosema huku. Babu aliwafukuza wanunuzi wa chuma chakavu kwa fimbo kwa sababu ya mukuba ule. Nilitoa sumaku yangu mfukoni, nikaisogeza, ikadaka tak na kuning'inia. Bati la chuma lililopakwa rangi. Ukingo wa mdomo tu ndio uliokuwa na utepe wa shaba ya njano. Nilimwita mama, nikamwonyesha sumaku, nikakwangua rangi kidogo kwa kucha akaona kutu.

"Tata yangu alisema ni mukuba," alisema mama.

"Ni chuma, Mama. Ona, sumaku inashika." Nilitoa sumaku, nikairudisha. Tak. Nilirudia tena, nikidhani haelewi.

Aliipangusa ile sehemu niliyoikwangua kwa pindo la kitenge chake. "We haujuake kumuachia mutu kitu," akasema, kisha akarudi jikoni. Nilikasirika. Chuma ni chuma, hata kikililiwa, na mimi mshahara wangu unatoka katika kusema hivyo.

Baada ya pembe nikaja kwenye vichwa, na hapo mzaha ukaisha. Kichwa cha fono ni kidude cha mviringo kinachoshika ncha inayopita juu ya silinda. Ndani yake kuna kiwambo, utando mwembamba unaotetemeka na kutoa sauti. Sisi tulikuwa na vichwa viwili. Kimoja kilikuwa kizito, kina bonge la chuma lililofungwa kwa makusudi ili kikandamize. Kingine kilikuwa chepesi, na ncha yake ni tone la kioo laini, lisilokwangua sana. Nilisoma kila nilichoweza kukipata mtandaoni, kwa Kifaransa, usiku wa kuamkia zamu na mchana baada ya zamu, na maelezo yote yalikuwa mamoja. Kizito ni cha silinda za seluloidi, ambazo ni ngumu. Chepesi ni cha nta. Ukikosea, ukaweka kizito juu ya nta, kinailima kama jembe, na mzunguko mmoja unatosha.

Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya swali moja: ipi ni nta, yaani ipi ni bibi?

Kichwa chepesi chenyewe kilikuwa mgonjwa. Kiwambo chake kilikuwa kimepasuka. Kwa macho ungesema kioo, lakini nilipoingiza wembe ubavuni kiliachana kurasa kwa kurasa, nikajua ni mika, madini ya tabaka nyembamba kama karatasi. Hapo kaka yangu alinisaidia, siwezi kumnyima haki yake. Alipotea nusu siku, akarudi na pasi ya umeme ya zamani iliyokufa, aliyoipata kwa fundi mmoja karibu na soko. "Mu tumbo yake muko mika muzima," alisema, na kweli ulikuwemo, bamba safi lililozungushiwa nyaya. Nililikata kwa mkasi mdogo wa kucha. Mpira wa kukizunguka kiwambo ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama mfupa, nao tukaubadilisha kwa mpira wa valvu ya baiskeli. Tulipomaliza nilipuliza kichwani polepole, na mika ikavuma. Sote wawili tuliruka.

Jumapili iliyofuata kisa cha kiberiti, baada ya misa, tulikutana kwa mama. Nilizilaza silinda mbili juu ya shuka lililokunjwa, nikamwambia kaka yangu asiguse. Nilitaka kuzipima uzito kwanza. Sikutaka kukwangua, sikutaka moto, sikutaka kucha. Mimi najua kinachotokea kwa kitu kinachopimwa kila siku kwa kukatwa kidogo: mwisho unakijua kabisa na hakipo. Mzani wa kazini haukopeshwi, kwa hiyo nikaenda kwa jirani anayeuza sukari kwa vipimo, kumwomba wake.

Jirani alikuwa na maneno mengi. Niliporudi na mzani kifuani, mezani palikuwa na silinda moja.

Kaka yangu alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya karai, shati la kanisani limekunjwa hadi viwikoni. Mkononi alikuwa na silinda ya pili na mswaki.

Ili kumwelewa inabidi umjue mtu wa Mutoshi. Kule hakuna anayelitazama jiwe likiwa na uchafu wake. Uchafu unaficha, na mwenye kudanganya hujificha ndani ya uchafu. Jiwe linaoshwa kwanza, linageuzwa likiwa maji maji, na hapo rangi yake inajitokeza: kijani, nyeusi ya kobalti, au udongo mtupu. Mnunuzi asiyeosha anachekwa hadi anaacha kazi. Mkono wa kaka yangu ukishika kitu cha kukisia, unaelekea kwenye maji wenyewe, bila kumwuliza mwenye mkono.

"Unafanya nini?" Nadhani nilinong'ona.

"Nanawisha. Namna gani utaona kitu na uchafu yake? Ata mutoto anajua. Jiwe inanawa mbele, kisha njo inasema."

Nilimpokonya. Ilikuwa imelowa ndani na nje, nzito kuliko asubuhi. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo nilivyotaka kumwambia, lakini mama alikuwa mlangoni akitutazama, nikaiacha methali.

Niliilaza mezani, nikaifunika kwa taulo bila kusugua. Nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua. Silinda ya seluloidi ni ganda jembamba tu lililovalishwa juu ya plasta, na plasta ikinywa maji huvimba. Kama hii ndiyo ya nta, haitafanya kitu kwa maji ya baridi, ila mswaki umekwisha kupita juu ya sauti. Kama ni ile nyingine, tutajua punde. Weupe wa ndani haukunisaidia. Ungeweza kuwa plasta, ungeweza kuwa kuvu la miaka yote ile sandukuni. Tulikaa tukiitazama. Jasho lilimtoka kaka yangu ingawa hewa ilikuwa ya baridi.

Ikalia. Kidogo tu, kama ganda la karanga. Niliondoa taulo na mbele ya macho yetu ufa ukatembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukafunguka.

Mama hakusikia mlio lakini aliuona ufa. Alikuja mezani mikono ikiwa mbele. "Ni mama?" alisema. "Njo mama anapasuka? Tata, ni mama?"

"Nabunja nkambo," alisema kaka yangu. Aliketi chini sakafuni na shati lake la kanisani. "Nabunja nkambo wangu."

Niliinama nikaweka pua juu ya ufa. Juu kulikuwa na harufu ya vidonge vya nondo, ileile ya siku zote. Chini yake, ikitoka ndani ya ganda lililofunguka sasa hivi, kulikuwa na harufu nyingine, kafuri, ile tunayopaka watoto kifuani wakikohoa. Seluloidi hutengenezwa kwa kafuri. Niliingiza kidole ndani, kikatoka na uji mweupe wa plasta.

"Ni tarumbeta," nilisema. Ilibidi nirudie. "Yaya, umeua tarumbeta za padri. Nkambo ni ile ingine."

Alinitazama kutoka sakafuni, na nilivyomwona nikaanza kucheka, cheko baya lisilo na furaha, na yeye akacheka, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Alimwambia mama kwa ile sauti yake ya pipa kwamba mama yake yu mzima. Mama aliichukua silinda iliyobaki, kavu, nyeusi, yenye kuvu, akaishika kwa mikono miwili na hakuirudisha hadi nilipoiomba.

Hatukungoja. Kaka yangu alitoa simu yake, kubwa kuliko yangu, akaiweka tayari kurekodi juu ya kiti. Nilimwambia azuie simu za kuingia. Alisema ndiyo. Mama aliketi na sikio la kulia ndani kabisa ya mdomo wa pembe. Nilizungusha mkono wa fono na kamani, springi yake ya ndani, ikakaza, nikaitelezesha silinda mahali pake, nikafunga kichwa chepesi. Nikaishusha ncha.

Mwanzo ulikuwa mvumo kama mafuta yanayokaanga. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, ikisema maneno machache ya Kifaransa.

"Nasikia padri!" alisema mama. Uso wake wote ulifunguka. "Anaongea! Padri anaongea!"

Baadaye mtu akacheka. Kicheko kifupi cha msichana anayeona haya, halafu akaanza kuimba. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, safi kabisa, ya mtoto wa kike ambaye hata kifua hakijamaliza kukua. Wimbo niliujua. Wanawake wa Kikasai waliuimba katika nyua hizi za Kapata nilipokuwa mdogo, wakitwanga mahindi: mmoja anaita, wenye michi wanajibu. Bibi aliita, akanyamaza. Katika nafasi ile ya jibu palikuwa na mvumo mtupu, kwa maana mbele ya pembe hapakuwa na mwenzake wa kumjibu, alikuwapo padri tu. Alingoja muda wake sawasawa, kisha akaita tena.

"Padri anamaliza," alisema mama. Alikuwa bado anatabasamu, sikio ndani ya pembe. "Mama yangu ataimba saa gani?"

Kaka yangu alinitazama. Bibi alikuwa akiimba, sauti yake ikijaza chumba kizima.

"Ataimba saa gani?" aliuliza mama tena, na wakati huo simu juu ya kiti ikalia. Kijana wa Mutoshi alitaka kujua kama depo imefunguliwa. Nilinyanyua ncha kutoka kwenye silinda kabla sijamnyanyukia kaka yangu. Kurekodi kulikuwa kumekatika. Kilichobaki ndani ya simu ni padri, kicheko, na miito ya mwanzo tu.

Kwenye sanduku la fono, chini ya silinda, palikuwa na unga mwembamba wa kahawia. Mimi natazama unga kila siku ya maisha yangu, sikuhitaji mtu wa kuniambia huu ni wa nini.

"Imeanza kukulwa," nilisema. "Tukiweka mara ingine, sijui nini itabakia."

"Basi tuache," alisema kaka yangu. "Ulisema kule Poto, kule Ulaya, kuko bantu banasomaka nta na mwangaza, bila kugusa. Tutume kule. Doucement, polepole."

Alisema kweli. Maneno yale yalikuwa yangu, nilimwambia mwenyewe. Kila nilichojifunza katika kazi yangu kilisema vivyo hivyo: usiimalize sampuli ya pekee. Lakini mama alikuwa akitazama midomo yetu, mara wa kaka yangu, mara wangu, na tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka. Ndipo nilipomsikia daktari, miezi baada ya kusema. Linafunga kuanzia juu. Sauti nyembamba zinaondoka kwanza, nzito zinabaki mwisho. Malori, ndiyo. Birika, hapana. Kaka yangu, ndiyo. Mimi, hapana. Hakuwa amempendelea mtu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuwa na nafasi ya lolote.

"Hawezi kumusikia," nilimwambia kaka yangu. "Sauti ya nkambo iko juu sana. Ile mlango ilisha kufunga."

Ubavuni mwa fono kuna skrubu ya mwendo. Ukiilegeza, silinda huzunguka polepole, na sauti yote hushuka. Nilimweleza. Nilimwambia pia kwamba ikishuka haitakuwa sauti yake tena, itakuwa ya mtu mwingine.

Alifikiri. Kaka yangu akifikiri hutazama mikono yake. "Itakuwa kitu anasikia," alisema.

Liwalo na liwe, nikasema moyoni. Niliweka simu yangu mwenyewe, nikaikata na dunia yote. Nililegeza skrubu, nikakaza kamani, nikamwashiria mama arudi kwenye pembe. Nikashusha ncha.

Padri alitoka kama dubwana, akatuchekesha. Kisha kicheko cha msichana kikawa kicheko cha mama mwenye nyumba yake. Wimbo ukaanza, mpana, mzito, unaotembea bila haraka. Mama alishika ukingo wa pembe kwa vidole vyake, ule utepe wa shaba ya njano, na midomo yake ikafunguka. Bibi aliita. Bibi alinyamaza. Na katika ile nafasi iliyokuwa wazi tangu Kasai, mama yangu akajibu.

Alijibu kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejisikia, nje kidogo ya wimbo. Kaka yangu alinyoosha mkono kumnyamazisha kwa ajili ya simu inayorekodi, nikaupiga mkono wake. Bibi aliita, mama akajibu. Unga wa kahawia ulikuwa ukianguka, niliuona na nikauacha uanguke. Kuelekea mwisho mvumo ukaanza kumfunika yule anayeita, hadi mwito wa mwisho ukawa kama hauko. Mama aliujibu hata hivyo.

Niliinua ncha. Juu ya silinda palikuwa na mistari iliyopauka. Hakuna atakayeisoma tena kwa mwanga wala kwa kitu kingine.

Mama alibaki ameketi, mkono kwenye pembe. "Sauti nzito," alisema. "Banaambiaka mi mama yangu alikuwa mutoto. Mi nikakula mutoto. Kumbe alikuwa mama muzima. Mulisikia? Mama mukubwa, muzima, na nguvu yake."

Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka. Niliitazama skrubu. Ulikuwa ukweli mdogo, wa robo mzunguko, na mtu yeyote wa maabara angeutaja. Kaka yangu alikuwa ananitazama kwa hofu kubwa kuliko alivyoutazama ufa. Nilichukua kitambaa, nikaanza kupangusa sanduku.

Katika simu yangu umo wimbo mzito na majibu ya mama juu yake; katika simu ya kaka yangu kipande kile kifupi bado kipo. Mara nyingine, tukiwa wawili, tunakifungua na kumsikia msichana anayecheka kwa haya kabla ya kuanza. Binti yangu mkubwa amempita umri.

Siku hizi sikio la kulia nalo linakaribia kufunga. Mama akipata wageni baada ya misa anawasimulia juu ya mama yake, jinsi alivyokuwa mama mzima mwenye sauti ya kujaza kanisa, na wageni wakitabasamu kwa heshima ananinyooshea kidole. "Muulizeni huyu. Njo anapimaka bintu ku mugodi. Huyu hajuake kudanganya."

Wote wananigeukia. Nainama hadi kwenye sikio lake, nashusha sauti yangu chini kabisa, mahali ambapo bado anaweza kunisikia.

"Ndiyo, Mama," nasema. "Ilikuwa nzito."